Mtihani wa Fiqhi au Mtihani wa Vidole?

 

 Kila mwaka jarida letu linapokaribia kutoka, sisi walimu huombwa kuandika nasaha. Labda mwaka huu mlitarajia niandike juu ya kuhifadhi, au juu ya adabu za mwanafunzi mbele ya mwalimu wake. Nimeona ni bora niandike juu ya kosa nililolifanya mimi mwalimu wenu mbele ya mwanafunzi, na yale niliyojifunza baada yake. Mwenyewe nimemwomba ruhusa, naye ameniruhusu kwa sharti moja, kwamba nisitaje jina lake. Wengi wenu mnamjua, basi nanyi mtunzieni sitara yake.

Kijana huyu alisoma hapa kwetu tangu alipokuwa hajui alifu wala be. Alikuwa mwepesi wa kuhifadhi na mwepesi wa kucheza mpira vilevile. Siku moja alikuwa amepakiwa nyuma ya bodaboda wakirudi kutoka sokoni. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara yetu ya udongo mnaijua ikilowa inavyokuwa, na kwenye mteremko pikipiki ikateleza. Dereva aliinuka akiwa na michubuko. Yeye hakuinuka. Uti wa mgongo ulikuwa umeumia pale shingoni, na tangu siku ile miguu haina nguvu, na mikono haina nguvu, isipokuwa bega la kulia linaloinuka kidogo. Kichwa, macho, ulimi na akili vimebaki salama, alhamdulillah.

Kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri huenda kumtembelea. Nyumba yao iko katikati ya kibanja, unapita kwenye migomba mpaka ufike uani ambako wakati wa msimu kahawa huwa imeanikwa. Mwanzoni nilikuwa naenda kumsomea dua na kumpa pole. Baada ya miezi michache aliniambia kwa upole, "Ustaadh, pole zimetosha. Nifundishe." Nikaanza kupeleka kitabu.

Kaka yake aliyeko Bukoba akamletea simu ya kioo. Mama yake akawa anamshikia, naye anasoma. Lakini mama ana shamba, ana wadogo zake, ana maji ya kuchota. Simu ikawa inakaa rafuni siku nzima kama pambo. Hapo tukafikiria kijiti cha mdomoni. Tukachonga kijiti kizuri, fundi seremala akatengeneza kibao cha kuegemeza simu mbele ya uso, kijana akashika kijiti kwa meno, akagusa kioo. Simu haikusikia lolote. Tukadhani imeharibika. Kumbe kioo cha simu hizi husikia mguso wa kitu kinachopitisha umeme, kama mwili wa mwanadamu, na mti mkavu haupitishi umeme. Tukakifunga kijiti kwa karatasi ya alumini kuanzia pale midomo inapogusa mpaka kwenye ncha, na kwenye ncha tukaweka kipande cha sifongo chenye unyevu. Akagusa tena, kioo kikafunguka. Mama yake alipiga kigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba haya ni mambo ya kujifurahisha tu. Kabla ya kijiti kile, kijana huyu hakuwa na siri hata moja. Ujumbe wake ulisomwa na mwingine. Namba yake ya siri ya fedha za kwenye simu ilijulikana na kila aliyemsaidia. Siku moja aliyemsaidia aliondoka na shilingi 60,000 zilizotumwa kwa ajili ya kununulia mipira ya mkojo. Aliniambia, "Ustaadh, kuibiwa kunauma, lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba namba nilimtajia mwenyewe, kwa sababu sikuwa na njia nyingine." Sisi tunafundishana kila siku juu ya amana. Mtu asiyeweza kubonyeza kwa mkono wake hulazimishwa kuweka amana mikononi mwa yeyote aliye karibu, awe mwema au mbaya. Baada ya kupata kijiti, alibadilisha namba yake ya siri siku hiyohiyo, na akatuomba sote tutoke chumbani.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Katika marudio ya mwezi wa Shaabani niliwatungia wanafunzi wakubwa wenye simu maswali 20 ya fiqhi, mlango wa tohara na swala. Niliyaweka katika fomu ya kwenye mtandao na nikajiona mwalimu wa kisasa. Nikaweka muda wa dakika 20, muda ukiisha ukurasa unajifunga. Kila jibu lilikuwa na kiduara kidogo cha kugusa. Nikamtumia na yeye, kwa nia njema ya kumshirikisha. Alipata 7 katika 20. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikasoma matokeo mbele ya darasa pamoja na majina.

Ijumaa iliyofuata nilimkuta kimya. Nikamwambia asivunjike moyo, aongeze juhudi katika fiqhi. Akanitazama, kisha akaniuliza, "Ustaadh, ule ulikuwa mtihani wa fiqhi au mtihani wa vidole?" Nikafungua majibu yake upya. Alikuwa amejibu maswali 7 tu kabla ukurasa haujafungwa, na yote 7 alikuwa amepata. Kila kiduara alikikosa mara mbili au tatu kwa ncha ya sifongo, na kila alipokosa alichagua jibu lisilo lake, ikabidi arudi kusahihisha. Nilimwomba msamaha pale pale, na darasani pia niliomba msamaha. Nikampa maswali mengine 20 ya kiwango kilekile bila kikomo cha muda. Alitumia saa moja na dakika 10, akapata 17.

Tangu hapo nikaanza kutafuta elimu ya jambo hili, maana sikutaka kurudia dhulma kwa kutojua. Haya ndiyo niliyoyapata kwa ufupi.

Wavuti huu ambao watu husoma habari, huomba kazi na vyuo, na kununua bidhaa, ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN kule Uswisi. Mwaka 1994 alianzisha jumuiya ya kuweka kanuni za wavuti, iitwayo W3C. Mwaka 1997 jumuiya hiyo ikafungua kazi maalumu ya kuhakikisha wavuti unafikiwa na watu wenye ulemavu, na mwaka 1999 ikatoa mwongozo wa kwanza kwa watengenezaji wa kurasa. Mwongozo wa pili ulitoka mwaka 2008, ukaongezewa mambo mwaka 2018 na tena Oktoba 2023. Umesimama juu ya nguzo nne. Yaliyomo yaweze kutambulika, kwa jicho au kwa sikio. Yaweze kutumika kwa njia zaidi ya moja. Yaeleweke. Na yawe imara, yaani yafanye kazi na vyombo mbalimbali ambavyo watu wenye ulemavu huvitumia.

Nguzo ya pili ndiyo inayomhusu zaidi mtu ambaye mikono haimtii. Mwongozo unataka kila jambo liwezekane kwa kibodi peke yake, bila kulazimisha kipanya. Kwa nini kibodi? Kwa sababu vyombo vingi vya watu hawa, kuanzia kijiti cha mdomoni, kifaa cha kupuliza na kuvuta pumzi, mpaka kitufe kimoja cha kubonyeza kwa bega, huweza kufanya kazi ya vitufe vya kibodi. Ukurasa unaokubali kibodi huvikubali vyombo hivyo. Ukurasa unaotaka kipanya tu umewafungia mlango wote kwa pamoja.

Kuhusu muda, mwongozo unasema mtumiaji aweze kuuzima au kuurefusha, au aonywe kabla haujaisha na apewe angalau sekunde 20 za kuomba nyongeza kwa tendo jepesi. Unakubali kwamba mambo machache, kama mnada unaoendelea, hayawezi kungoja. Dakika zangu 20 hazikuwa mnada wala dharura. Nilizipanga kwa kukisia tu. Kuhusu ukubwa wa vitufe, nyongeza ya mwaka 2023 imeweka kipimo cha chini, nukta 24 kwa 24, au kuwe na nafasi ya kutosha baina ya kitufe na kitufe. Imesema pia kwamba kitu kinachohitaji kuburutwa kwa kidole kiwe na njia ya kukifanya kwa kugusa tu. Nilipoyasoma haya nilijisemea kwamba aliyeyaandika ni kama alikuwa amekaa uani kwao kijana wetu siku ile ya mtihani.

Nitawapa mfano mmoja wa hesabu. Mtu mwenye kitufe kimoja hutumia chombo ambacho kwa njia yake rahisi kabisa huangaza kitu kimoja kimoja katika ukurasa kwa zamu, naye hubonyeza mwanga ukifika pale anapopataka. Tuseme mwanga unakaa sekunde 2 kwa kila kitu, na ukurasa una viungo 40 vya menyu kabla ya kufika kwenye habari yenyewe. Hizo ni sekunde 80 za kungoja, na kila akifungua ukurasa mwingine zinaanza upya. Mtengenezaji akiweka juu kabisa kiungo kimoja cha kurukia kwenye habari, mtu huyu huingia kwa sekunde 2. Kazi ya kukiweka ni ya dakika chache, na anayeweka hatakutana kamwe na aliyepunguziwa mzigo. Malipo yake yako kwa Mola wake.

Chombo cha namna hii ndicho alichokitumia Stephen Hawking, mwanasayansi wa Uingereza aliyefariki Machi 2018. Ugonjwa ulimjia akiwa na miaka 21, na mwaka 1985 alipoteza sauti. Alianza kuandika kwa kubonyeza kitufe kwa mkono, na mkono uliposhindwa akaandika kwa msuli wa shavu, kifaa kilichofungwa kwenye miwani kikiona shavu linapotikisika. Kitabu chake kilichomfanya ajulikane dunia nzima kilitoka mwaka 1988, baada ya sauti kuondoka. Programu aliyotengenezewa na kampuni ya Intel ilitolewa bure kwa watu wote mwaka 2015. Msidhani haya ni ya matajiri tu. Simu nyingi za kawaida za Android zina sehemu ya ufikivu katika mipangilio yake, na tangu mwaka 2021 imeongezwa njia ya kuiendesha simu kwa kamera ya mbele, kwa kunyanyua nyusi, kufungua mdomo au kutabasamu. Kuandika kwa sauti kwa Kiswahili pia kuliingia katika simu hizo mwaka 2017. Kijana wetu huamuru sentensi kwa ulimi wake, kisha husahihisha kwa kijiti.

Wanafunzi wangu, labda atatokea wa kuuliza, jambo hili lina uhusiano gani na madrasa? Mimi nasema tulikuwa nalo siku zote na hatukuliona. Mnakumbuka somo la swala ya mgonjwa. Imran bin Huswain (R.A.) alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu swala. Mafundisho aliyopewa, kama yalivyopokewa na Imam Bukhari, ni kwamba mtu aswali kwa kusimama, asipoweza aswali kwa kukaa, asipoweza aswali kwa kulala ubavu. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wakaendelea kupanga ngazi: asiyeweza kurukuu na kusujudu huashiria kwa kichwa, asiyeweza kichwa huashiria kwa kope za macho, asiyeweza hata kope huyapitisha matendo ya swala moyoni. Swala ni ileile. Hakuna aliyesema kwamba aliyeswali kwa kope ameswali nusu. Na asiyepata maji, au asiyeweza kuyatumia, amewekewa tayamamu.

Yaani sheria yetu ilikwishakubali karne nyingi zilizopita kwamba tendo moja liwe na milango mingi, na kwamba ishara ya jicho la mgonjwa ni tendo kamili. Mimi niliyafundisha hayo darasani mwaka baada ya mwaka. Kisha nikatunga mtihani juu ya mlango huohuo wa swala, wenye mlango mmoja tu wa kuingilia, nao ni kidole chepesi. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mkumbuke pia Ata bin Abi Rabah, tabiina aliyekuwa mufti wa Makka. Waandishi wa tarekhe wametaja kwamba alikuwa na mkono uliopooza, mguu wenye kilema na jicho moja, na mwisho wa umri wake alipofuka. Watu walitoka mbali kumuuliza mambo ya Hija. Fikirini lau watu wa zama zake wangeweka sharti kwamba asiyeshika kalamu kwa wepesi asisikilizwe. Hasara ingekuwa ya nani?

Katika nchi yetu, Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao katika kifungu chake cha 9 unazungumzia ufikiaji wa habari na mawasiliano na kuutaja mtandao wa intaneti waziwazi. Mwaka uliofuata ikapitishwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, namba 9 ya mwaka 2010. Majirani zetu wa Kenya mwaka 2022 walitoa viwango vya taifa vya ufikivu wa vifaa na huduma za mawasiliano. Basi karatasi zipo. Kilichobaki ni mikono ya kuzitekeleza, na mikono hiyo huenda ikawa yenu, maana miongoni mwenu wapo watakaosomea kompyuta inshaallah.

Nasema hivi kwa sababu safari ya kijana wetu haijaisha. Aliomba nafasi ya kusoma kwa masafa katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Fomu yao ilikuwa na kurasa nyingi, na akikaa dakika chache bila kugusa inamrudisha mwanzo. Alijaribu usiku tatu mfululizo, maana usiku ndipo mtandao huku kwetu unapotulia. Usiku wa nne dada yake akamjazia. Alikubali, lakini alisema, "Nitaingia chuoni kwa mkono wa dada, nitafanya mitihani kwa mkono wa nani?" Tumewaandikia barua kueleza tatizo na kuomba muda urefushwe. Mpaka naandika haya jibu halijaja. Tukijaaliwa tutaandika tena.

Kwa kumalizia nawausia mambo machache. Kwanza, ukimsaidia mtu mwenye ulemavu kutumia simu, muulize anataka afanyiwe nini, ufanye hilo tu, na namba yake ya siri uisahau. Pili, usimtumie picha ya maandishi pale ambapo ungeweza kumtumia maandishi yenyewe, kwani maandishi hukuzwa, husomwa kwa sauti na kunakiliwa bila shida, na picha hukataa. Tatu, ukitunga fomu au mtihani, ijaribu kwanza kwa kijiti mdomoni. Mimi nilijaribu, na kufikia swali la nne taya lilikuwa linaniuma. Nne, anayesomea ufundi wa kompyuta auweke mwongozo ule karibu yake kama anavyoweka kamusi. Tano, usiharakishe kumhukumu mwenzako kwa alama alizopata kabla hujajua aliingilia mlango upi.

Kuanzia mwaka huu mitihani yetu ya kwenye simu haina tena kikomo cha muda, na majibu huguswa kwa mstari mzima badala ya kiduara. Wanafunzi wenye vidole vyepesi hawajalalamika, bali wengine wamenishukuru kwa kuwa simu zao zina vioo vilivyopasuka. Na yule kijana sasa ndiye anayenisaidia kuyapitia maswali kabla sijawatumia. Akikuta lenye tabu hunirudishia na kuandika chini yake neno moja, "vidole". Nikiliona najua la kufanya.

Namwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) amponye, awape subira wazazi wake, na atujaalie sisi sote tuwe wepesi wa kufungua milango kuliko kuifunga. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwalimu wenu,
Bugomora